Gari la Amana

Kariakoo gari halina pa kulala. Mtu anaweza kuwa na fremu Mtaa wa Congo na nyumba ya kupanga ghorofa ya nne Mtaa wa Sikukuu, na bado kila jioni akahangaika kama mgeni aliyeshuka stendi usiku. Viwanja hivi vilipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Leo pale palipokuwa na nyumba moja pamepanda ghorofa nane au kumi, chini maduka, juu stoo, juu zaidi watu, na kiwanja ni kilekile. Mchana mtaa ni wa wamachinga, mikokoteni na bajaji. Usiku ukiacha gari nje, unaweza kuamka ukalikuta halina vioo vya pembeni. Ndiyo sababu magari mengi ya mjini utayaona yamechorwa namba ya usajili kwenye vioo na taa.

Kwa hiyo watu hulaza magari yadi. Letu, Toyota IST ya rangi ya fedha, lililala miaka mingi kwenye yadi moja karibu na Mtaa wa Mafia, kwa mlinzi mzee aliyejua kila gari kwa mlio wake. Kisha mwenye kiwanja akazungusha mabati, mafundi wakaingia, na sasa pale kuna nguzo za zege. Hatumlaumu. Kiwanja cha Kariakoo kikijengwa fremu kinaingiza kodi ambayo magari hayawezi kuilipa hata yakilala humo mwaka mzima. Lakini yadi zinakwisha hivyo, moja baada ya nyingine, na zilikwisha wakati sisi tunajiandaa kwa safari.

Sisi ni watu wa mabegi. Kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa Januari tunakwenda Guangzhou, maeneo ya Sanyuanli, kufuata mabegi ya shule. Miaka ya nyuma gari lilibaki na shemeji yangu wa Tabata. Anatupeleka uwanja wa ndege, anarudi nalo, anaegesha kwake ndani ya geti, siku ya kurudi tunamkuta nje anatusubiri. Safari hii ofisi yake ilikuwa imemhamishia Dodoma.

Kikao kikakaa sebuleni, maana nyumbani kwetu gari ni jambo la ukoo. Wifi yangu wa Ilala Bungoni alisema angelipokea kwa mikono miwili, ila uchochoro wa kwake bajaji mbili hazipishani. Mjomba wa Mbagala alijitolea mwenyewe, na hapo watu wakatazamana, maana mjomba ana harusi kila Jumamosi na hakuna gari lililowahi kumkataa. Kuliegesha pale pale uwanja wa ndege wiki zote hizo mume wangu aliona gharama itakula faida ya mabegi. Ndipo akatoa kadi ya kampuni moja ya pembezoni mwa uwanja. Wanalipokea gari mlangoni unaposhukia, wanalilaza kwao penye ukuta, kamera na mlinzi, ukirudi wanakuletea. Malipo yalikuwa ya wastani. Watu wa sokoni wenye heshima zao walikuwa wamewatumia na hawakulalamika.

“Watakupa karatasi?” akauliza mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi.

“Wanatoa risiti, Mama.”

“Risiti ya hela naijua. Nauliza karatasi ya gari.”

Marehemu babu wa watoto alikuwa dereva wa UDA. Kila alipomkabidhi mwenzake basi, waliandika kilomita kwenye daftari na wote wawili wakatia saini, hata kama mwenzake ni rafiki yake aliyelelewa naye. Bibi ameishi na daftari lile miaka yote ya ndoa yake. Tukamwahidi kwamba kilomita zitaandikwa.

Siku ya safari tukatoka Kariakoo mapema, Bibi kiti cha mbele, watoto wamebanana na sanduku. Tulipita Kamata, tukashika Barabara ya Nyerere na vumbi lake la ujenzi, tukapanda daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, kisha Vingunguti na Kipawa. Ni kama kilomita 10 tu, lakini anayekwenda kupanda ndege katika njia ile huondoka nyumbani kana kwamba anakwenda Kibaha. Jengo la Tatu la Abiria, lile lililozinduliwa Agosti 2019, lina barabara ya juu ya kushushia abiria, na hapo askari hawakupi muda wa kuagana. Kijana wa kampuni alikuwa tayari, fulana safi yenye nembo, kitambulisho shingoni. Akamsalimia Bibi shikamoo vizuri, akapokea funguo, akaandika risiti.

“Mwanangu,” Bibi akamwambia, “andika na kilomita.”

“Bibi, sisi ni kampuni. Kuna kamera saa 24.”

“Kamera inaona. Wewe andika.”

Askari anapiga filimbi, nyuma yetu magari yanapiga honi, na Bibi amesimama mlangoni mwa gari hataki kutoka. Kijana akainama, akasoma dashibodi, akageuza risiti na kuandika nyuma yake: 87,412. Akatia saini. Mume wangu akapiga picha risiti na dashibodi. Bibi akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Yeye na watoto wakarudi mjini kwa bajaji, sisi tukaingia ndani.

Huko Guangzhou sina la kusimulia zaidi ya miguu kuuma. WhatsApp haifunguki China bila VPN, kwa hiyo nyumbani tuliongea kwa WeChat, na picha za gari ambazo kampuni iliahidi kutuma zilikwenda kwenye simu ya kijana wetu mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu. Zikaja tatu, kila moja na maneno “gari lipo salama”. Binti yetu mdogo, anayependa wanyama kuliko shule, ndiye aliyegundua. Katika picha zote tatu kuna paka mweusi amelala juu ya boneti, mkia umening'inia vilevile na kivuli cha ukuta kimefika palepale kwenye taa. Ilikuwa picha moja iliyotumwa mara tatu. Kaka yake akamwambia paka hulala kila siku, na hawakutueleza.

Kulikuwa na jingine ambalo hatukuelezwa, nalo lilikuwa zito zaidi. Wifi yangu alikuwa amekwenda Mtaa wa Lumumba kununua vifungo vya nguo. Akiwa anasubiri kuvuka, ikapita IST ya rangi ya fedha, na namba akaisoma yote mpaka herufi ya mwisho. Ilikuwa ya kaka yake. Usukani kashika kijana asiyemjua, na kiti cha nyuma amekaa dada mmoja mrembo, nywele zimesukwa vizuri, mtoto mchanga mapajani.

Fikiri ulikuwa wewe. Kaka yako yuko China na mkewe, gari mmeambiwa liko kampuni limefungiwa, na hili hapa Kariakoo limebeba mwanamke na mtoto mchanga. Wifi hakununua vifungo. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, wakafunga mlango wa chumba. Neno “nyumba ndogo” halikutamkwa kwa sauti, lakini lilikaa mle ndani kama mtu wa tatu. Bibi akaamua: hakuna kumpigia mtu simu, hakuna kumwambia mama watoto akiwa ugenini na hela za mzigo mkononi. Warudi kwanza. Wiki zilizobaki wale wanawake wawili walibeba jambo hilo peke yao. Nampenda wifi yangu tangu zamani, na baada ya kujua alivyoninyamazia kwa uchungu nikampenda zaidi.

Tulirudi usiku wa manane. Kijana wa fulana hakuja, akaja mwingine, tena baada ya kupigiwa simu mara kadhaa, huku tumekaa juu ya masanduku yetu. Mume wangu, mtu mrefu, aliingia kwenye gari magoti yakagonga usukani, maana kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa. Redio tuliyoiacha kwenye taarifa za habari ikafunguka na singeli. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala, ingawa tulikuwa tumejaza nusu tenki. Alitaka kushuka amuulize yule kijana, ameshaondoka. Njia nzima hatukusema kitu.

Asubuhi, hata chai haijamiminwa, Bibi akafungua pindo la kanga.

“Nenda chini ukasome.”

Mume wangu akashuka, akapanda tena ngazi zote nne, akasema: 89,035.

Toa 87,412. Kijana wetu alishatoa kichwani: kilomita 1,623. Ni kama gari limekwenda Mbeya na kurudi. Hapo nyumba nzima ikashuka chini, na mtaa mzima, ambao huwa na shughuli zake, ukasimama kututazama tukilipekua gari kama polisi wa forodha. Wifi aliletwa na bodaboda. Yeye ndiye aliyeona kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, duara la vumbi lenye ukubwa wa kifuniko cha kikombe, alama inayobaki unapobandua kishikio cha simu. Mume wangu hajawahi kuwa na kishikio cha simu. Kwenye buti, tairi la akiba tuliloliacha jipya lilikuwa limegeuka kipara. Chini ya zulia kulikuwa na risiti ya tozo ya Daraja la Kigamboni, ya tarehe ambayo sisi tulikuwa Sanyuanli tukibishana bei ya zipu. Binti yetu mdogo akaingiza mkono chini ya kiti cha nyuma, akatoa kiatu cha mtoto mchanga. Cha kufumwa kwa uzi wa njano, kimoja tu, kidogo kuliko kidole gumba cha baba yake.

Wifi alipokiona aliketi kwenye ngazi na kuanza kulia. Hapo ndipo mambo ya Lumumba yakatoka yote mbele yetu sote, pamoja na yule dada na mtoto mchanga. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Sijawahi kumwona ameumia vile. Kuibiwa mafuta kunauma, lakini kukaa ugenini ukijituma huku dada yako na mama yako wamefunga mlango wanakulilia wewe kama mtu aliyepotea, hilo hakuna kampuni inayoweza kulilipa. Nami nasema wazi, katika yote waliyotufanyia wale watu, hili ndilo kubwa.

Kijana wetu akamaliza ubishi kwa simu yake. Nchini kwetu gari lina kumbukumbu hata kama mwenyewe hayupo. Kosa la barabarani linaingizwa kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na ushuru wa maegesho wa TARURA usipolipwa unalifuata gari kama deni, popote liendapo. Akaandika namba yetu. Polisi walikuwa na faini mbili, shilingi 30,000 kila moja, ya kuzidisha mwendo Barabara ya Bagamoyo na ya kuegesha pasiporuhusiwa. TARURA kulikuwa na foleni ya madeni madogo madogo: Posta, Samora, Lumumba, tena Posta. Ukiyasoma kwa tarehe ni siku za kazi za mtu anayebeba abiria. Gari letu lilikuwa taksi ya mtandao.

Walikwenda watatu: mume wangu, wifi, na jirani yetu wa ghorofa ya pili ambaye ni wakili. Mimi na Bibi tukafuata, maana Bibi hakukubali karatasi yake iende bila yeye. Meneja alitupokea kwa soda na maneno matamu. Kwanza alisema haiwezekani. Kisha akasema labda vijana walilizungusha kidogo ili betri isife. Mwisho akanyoosha kidole ukutani, penye kibao: magari yanaegeshwa kwa dhamana ya mwenyewe.

Wakili wetu akamjibu polepole, na ningependa kila mwenye gari ayasikie aliyosema. Kibao kile kinaweza kuwa na maana kwa mtu aliyeegesha mwenyewe, akafunga mwenyewe, akaondoka na funguo zake. Wewe ulipokea gari, ukapokea funguo, ukapokea na malipo ili ulitunze na kulirudisha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu makini anavyotunza mali yake. Akiitumia kinyume cha walivyokubaliana, anawajibika kwa madhara yatokanayo na matumizi hayo. Kibao hakiwezi kukuruhusu kuifanyia biashara.

Bibi akaiweka karatasi mezani, upande ule wa nyuma ukiwa juu.

Meneja aliisoma saini ya kijana wake, akanyamaza, akamwita. Kijana wa fulana aliingia, akamwona Bibi, akainamisha kichwa. Alieleza kwamba gari linalokaa muda mrefu linapewa dereva, na dereva analeta hesabu kila jioni, kama ilivyo kwa bajaji na bodaboda. Kila mtu pale ofisini alikuwa akiijua hesabu hiyo. Paka wa kwenye boneti walimpiga picha siku ya kwanza, kabla gari halijatoka.

Walilipa. Faini zote na madeni ya TARURA, tairi jipya, mafuta, na matengenezo kwa fundi tuliyemchagua sisi. Kwenye fedha za hesabu ndipo familia ilipogawanyika. Bibi alisema hataki shilingi iliyopatikana kwa hila iingie nyumbani kwake. Wifi alisema gari limechakaa kilomita 1,623, breki ni zetu, injini ni yetu, na hila ni yao. Mimi nilikuwa upande wa wifi na bado niko. Fidia ni haki, na anayeiacha anamwachia mwenzake faida ya dhuluma. Hatimaye mume wangu alizipokea, zikaenda ada ya kidato cha nne.

Lakini usiku huo wakili alipokuja kunywa chai alituuliza swali lililotunyima usingizi. Bima yenu ni ya aina gani? Ni ya gari binafsi. Basi, akasema, bima ya gari binafsi haijakatwa kwa ajili ya kubeba abiria wa nauli, na gari la biashara hiyo linatakiwa kuwa na leseni ya LATRA. Siku yule kijana anakimbiza Barabara ya Bagamoyo mpaka akapigwa faini, kama angegonga, kampuni ya bima ingekuwa na sababu ya kukataa kulipa. Na polisi wangeanza na jina lililoandikwa kwenye kadi ya gari, ambalo ni la mume wangu, aliyekuwa China hana habari.

Nilikwenda kukitazama tena kile kiatu cha njano. Yule dada wa Lumumba, tuliyemfikiria mabaya bila kumjua, aliita gari kwa simu kama tunavyoita sote, akapanda na mwanawe akiamini kila kitu kiko sawa. Yeye na mtoto wake walikuwa ndani ya gari lisilo na bima inayowahusu, na hakuna aliyewaambia. Kampuni iliyofanya hivi haikutuchezea sisi peke yetu.

Ndugu zangu wa Kariakoo mnaoondoka kwenda Guangzhou, Dubai au Istanbul, nawaomba. Sisemi msitumie huduma hizi, maana yadi zimekwisha na si kila mtu ana shemeji mwenye geti. Semeni kilomita ziandikwe kwenye karatasi, na aandike yule anayepokea, kwa mkono wake, na atie saini, hata askari apige filimbi mpaka achoke. Pigeni picha dashibodi, tairi la akiba na kiwango cha mafuta. Mkiwa huko huko safarini, mwambieni kijana nyumbani aangalie namba ya gari kwenye mfumo wa polisi na wa TARURA kila wiki. Na wanaotoa vibali vya biashara hizi pembezoni mwa uwanja, tunawaomba mlazimishe kilomita ziwemo kwenye kila risiti, za kupokea na za kukabidhi. Haigharimu kitu zaidi ya wino.